Kabla Hujaagiza Miwani ya Skrini, Jipime Mwenyewe

Miwani ninayoizungumzia ni ile unayoichomeka kwenye simu au kompyuta kwa waya, ukaivaa kama miwani ya jua, na mbele yako ikatokea picha kubwa unayoiona peke yako. XREAL, VITURE na Rokid ndizo chapa zinazotajwa sana. Anayetaka kununua huanza kuuliza ipi ni bora. Mimi ningemwomba aiweke chapa pembeni kwanza, aangalie simu aliyonayo, macho yake na pua yake, kwa sababu hayo matatu ndiyo yatakayoamua kama miwani itavaliwa kila siku au itaishia kabatini.

Simu ndiyo ya kwanza, maana hapo pesa hupotea bila hata kuona picha. Kuwa na tundu la Type-C hakutoshi. Simu nyingi za bei nafuu tunazonunua madukani zina Type-C ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu, haitoi picha. Inayohitajika ni yenye uwezo wa DisplayPort, yaani wa kutoa picha, ndani ya tundu hilohilo: iPhone kuanzia 15, Samsung za familia ya Galaxy S, na kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni. Mimi muuzaji aliniapia kabisa, "Kaka, chomeka tu, itakubali." Nilipofika nyumbani nikachomeka, giza tupu. Nikabadilisha waya, nikazima simu na kuiwasha, giza lilelile. Laiti ningejua jaribio hili rahisi: azima adapta ya kawaida ya Type-C kwenda HDMI, isiyodai programu yoyote, uunganishe simu yako na runinga. Picha ikitokea kwenye runinga, miwani nayo itaonyesha. Isipotokea, usitoe hela. Kumbuka pia kwamba nyingi ya miwani hii haina betri yake, inakula chaji ya simu, hivyo kwa filamu ndefu utahitaji njia ya kuchaji simu huku miwani imechomekwa.

Sasa macho, na hapa naomba tutulie kidogo.

Ingawa kioo kiko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho, lenzi zake huisogeza picha mbele, kwenye aina nyingi kama mita 4 hivi. Jicho linatazama mbali. Mama yangu alipotaka kujaribu, alivaa kwanza miwani yake ya kusomea Kurani, akaweka ya skrini juu yake. "Ukungu mtupu, mwanangu," akasema. Nikamwomba avue ile ya kusomea. Akanyamaza, kisha akaanza kusoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa chini ya picha, neno kwa neno. Kwa hiyo anayehitaji miwani kwa kusomea tu, huenda hapa asihitaji kitu. Anayepata shida ni yule asiyeona mbali vizuri.

Huyo achukue karatasi ya vipimo vyake kwa mtaalamu wa macho kabla ya kuchagua. Rokid Max ina vigurudumu vya kurekebisha uoni kila jicho peke yake, kuanzia 0 hadi -6.00, na VITURE Pro hufika -5.00. Lakini vigurudumu hivyo havirekebishi astigmatizimu, yaani uoni wa ukungu unaotokana na umbo la jicho lisilo duara sawasawa. Kama kwenye karatasi yako safu ya CYL, inayoonyesha kiasi cha tatizo hilo, ina namba kubwa, jipangie bajeti ya lenzi ndogo za kuchongesha zinazowekwa kwa ndani, kama wanavyofanya watumiaji wengi wa XREAL.

Kipimo kingine ni umbali kati ya mboni na mboni, na hiki unaweza kujipima. Simama karibu na kioo, weka rula ya milimita juu ya nyusi. Fumba jicho la kulia, panga sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fungua la kulia, fumba la kushoto, usome namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Rudia mara 3. Watu wazima wengi huangukia kati ya milimita 54 na 74. Umbali huo usipopatana na miwani, kingo za picha hukatika au kufifia na kichwa huanza kugonga. XREAL One Pro huuzwa kwa saizi mbili kwa sababu hiyo: 57 hadi 66, na 66 hadi 75.

Pua nayo ina haki yake. Miwani ya kawaida ina gramu 20 au 30. Hii huwa na kama 70 hadi 90, na nyingi ya hizo zinakaa mbele. Pua zetu nyingi hazina daraja refu, hivyo miwani huteleza, na ikishuka milimita chache tu sehemu ya juu ya picha inapotea. Ulizia vishikio vya pua vya saizi tofauti kwenye boksi, na vijaribu vyote kwa muda, si kwa dakika moja. Kwa anayevaa hijabu, spika ziko kwenye mikono ya miwani, kitambaa huzifunika. Tumia visikilizio vyako.

Usibabaishwe na inchi za kwenye tangazo. Miwani ambayo picha yake hujaza nyuzi 46 za uoni, kona hadi kona, inaweza kuitwa skrini ya inchi 130 kwa mita 4, au ya inchi 330 kwa mita 10, na ni picha ileile. Machoni inalingana na runinga ya inchi 32 ukiwa umeikalia chini kidogo ya mita moja. Kwa filamu inatosha sana. Kwa kazi ya maandishi, kuza herufi.

Chunguza pia mwanga. Aina nyingi hurudisha taswira ya vilivyo chini yake, kwa hiyo ukiwa na kanzu nyeupe juani utaiona kanzu ikielea ndani ya filamu. Nguo nyeusi mapajani inasaidia, na vifuniko vya mbele vinasaidia zaidi.

Na kama unainunua kwa ajili ya safari, jua kwamba ukiigandisha picha sehemu moja, basi likikata kona picha itateleza pembeni, na tumbo litachafuka. Ndani ya gari weka picha ifuate kichwa. Ukiwa peke yako siti ya dirishani, vifuniko vya mbele vitoe, uone anayekuja upande wako na begi lako miguuni.