Kubanika upya chai ya ulongi iliyokaa miaka

Ulongi (chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) wa milima ya Wuyi, mkoani Fujian nchini China, huhifadhika miaka mingi kwa sababu hubanikwa ukakauka kabla ya kufungwa. Ukivuta unyevu huanza kuchacha, na hapo hurudishwa motoni. Chai mbichi ya Pu'er (chai ya mkoa wa Yunnan inayoachwa ikomae polepole) usiifanyie hivi: hukomaa kwa vijidudu na unyevu kidogo, na moto hukatiza ukomavu huo.

1. Kagua. Ukiona ukungu, tupa chai yote; kubanika hakuondoi sumu ya kuvu. Kama ni safi, tia gramu 5 katika mililita 110 za maji yanayochemka, funika dakika 5, kisha onja. Uchachu hafifu hutoka. Ule mkali unaong'ang'ania kooni mara nyingi hautoki.

2. Andaa moto. Wuyi hutumia makaa yaliyopondwa na kushindiliwa. Yakishika bila moshi hufunikwa kwa majivu laini, na chai hukaa juu yake ndani ya kikapu cha mianzi. Majivu ndiyo yanayotawala joto: yaongeze lishuke, yapunguze lipande. Nyumbani oveni ya umeme inafaa, mradi haina harufu ya chakula. Weka kipimajoto kando ya trei; usiamini namba za kwenye kitufe.

3. Kausha kwanza. Tandaza gramu 200, unene usizidi sentimita 2. Joto liwe nyuzi 75 hadi 80 za Selsiasi kwa saa 2, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kila kitu. Joto kali la ghafla huunguza jani nje huku unyevu ukibaki ndani, na uchachu hurudi baada ya muda. Majani yaliyoviringwa, kama ya ulongi uitwao Tieguanyin, yaongezee saa nzima.

4. Banika. Panda hadi nyuzi 100 au 110, saa 2 hadi 3, ukigeuza kila nusu saa. Kwenye makaa, ondoa kikapu kabla ya kugeuza, maana vumbi likidondoka hutoa moshi unaoingia kwenye chai. Harufu ya uvundo hutoka kwanza, kisha huja utamu wa nafaka iliyokaangwa. Simama hapo; ukingoja hadi harufu ya kuungua, umechelewa. Jani lililoiva husagika kuwa unga vidoleni.

5. Hifadhi. Ikipoa tu, jaza kopo la bati hadi juu ufunge. Ikilala wazi huvuta unyevu upya. Ngoja mwezi mmoja ukali wa moto utulie. Usibanike tena mpaka uchachu urudi, kwani kila moto huondoka na sehemu ya harufu ya chai.