Somo: P-E-D katika maneno ya Kiingereza, ni mguu au ni mtoto?

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hufundishwa kwamba ukiona ped ndani ya neno, hapo pana mguu. Kanuni hiyo inakubali kwenye pedal (kikanyagio) na pedestrian (mwenda kwa miguu), halafu inamwangusha mtu anapofika kwa pediatrician, ambaye ni daktari wa watoto. Nimeona watu wakikata tamaa hapo hapo na kusema Kiingereza hakina mpangilio. Mpangilio upo, na unaupata ukijua neno limetokea wapi.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana jambo hili tunalo nyumbani. Angalia kitabu, katibu, katiba, maktaba, mkataba. Yote yana k, t na b kwa kufuatana, na yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kuandika. Sasa leta kutubu. Nalo lina k, t na b, lakini ku- hapo ni kiambishi tu cha kitenzi; mzizi ni tubu, ndugu yake toba. Ukilitia kwenye kundi la kitabu umekosea ukoo. Na ile ki- ya kitabu je? Kwa asili si kiambishi kama ki- ya kiti. Ni kipande cha neno la Kiarabu, ila masikio yetu yakaisikia kama ki- yetu, ndiyo maana tunasema vitabu. Haya ndiyo macho tutakayoyatumia kwenye p-e-d.

Hatua ya 1: Kata neno panapokatika

Andika maneno yako kwenye karatasi, kisha tafuta maungio yake. Helped, jumped na stopped yote yanaishia na ped, lakini p ni ya kitenzi na -ed ni alama ya wakati uliopita. Yafute. Sped ni wakati uliopita wa speed, nalo lifute.

Torpedo linakatika baada ya torp-, kwa sababu kwa Kilatini torpere ni kufa ganzi. Warumi walimwita torpedo yule samaki taa mwenye umeme, anayemtia ganzi kila anayemgusa, na silaha ya baharini ikaja kurithi jina la samaki. Stampede, yaani kundi la wanyama kutimka kwa hofu, limetoka kwenye neno la Kihispania estampida. Humo hamna ped hata kidogo. Herufi hizo zimejipanga hivyo baada ya neno kuingia Kiingereza.

Hatua ya 2: Tazama Waingereza wanavyoandika

Hii ndiyo hatua inayookoa muda kuliko zote. Waingereza huandika paediatrician na orthopaedic, Wamarekani wameiondoa ile a. Hiyo ae ni kumbukumbu ya neno la Kigiriki pais, ambalo shina lake ni paid-, maana yake mtoto. Hakuna anayeandika paedal wala paedestrian, kwa kuwa hayo yametoka kwenye Kilatini pes, shina ped-, yaani mguu.

Lakini tahadhari: ukiiona ae una ushahidi, usipoiona usikimbilie kuamua. Pedagogy huandikwa bila a hata Uingereza, na bado ni ya upande wa mtoto. Paidagogos wa Ugiriki ya kale alikuwa mtumwa aliyemwongoza mtoto wa bwana wake kwenda shule na kurudi. Leo pedagogy ni taaluma ya ufundishaji, lakini ndani yake bado yumo yule mtumwa na mtoto wakitembea njiani.

Hatua ya 3: Fuata picha iliyo ndani ya neno

Ukishajua ni mguu, usiridhike. Jiulize mguu huo unafanya nini.

Impede ni kuzuia au kukwamisha. Impedire ya Kilatini ilikuwa kumfunga mtu miguu asiweze kwenda. Kinyume chake ni expedire, kumfungua miguu, na huko ndiko yalikotoka expedite, yaani kuharakisha shughuli, na expedition, safari ya kikosi au ya watafiti. Pingu moja, ikifungwa na kufunguliwa, imezaa maneno yanayopingana. Mwanafunzi akishaiona pingu hiyo hana haja ya kukariri.

Kisha kuna pedigree, nasaba, ambalo kwangu ndilo neno zuri kuliko yote katika kundi hili. Liliingia Kiingereza katika karne ya 15 kutoka Kifaransa, likiwa na maana ya mguu wa korongo. Korongo na nasaba vimekutana wapi? Chukua kalamu uchore. Andika jina la mzazi juu, shusha mstari mmoja mfupi, kisha uuchanue kuwa mistari mitatu inayokwenda kwa watoto watatu. Sasa funika majina kwa vidole vyako. Kilichobaki ni unyayo wa ndege kwenye tope.

Hatua ya 4: Hakikisha kwenye kamusi

Tumia kamusi inayoeleza asili ya maneno. Kubwa kuliko zote ni Oxford English Dictionary, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na toleo zima likakamilika 1928. Humo utaona umbo la zamani la neno na mwaka lilipoandikwa kwa mara ya kwanza kadiri inavyojulikana. Soma umbo la zamani kwanza, maana ya leo baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, daktari wa orthopedic anatibu mifupa, na wengi wanaokwenda kwake wana shida ya miguu. Hata huyo ni wa upande wa mtoto?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Mwaka 1741 daktari Mfaransa Nicolas Andry alichapisha kitabu alichokiita L'Orthopédie. Aliunganisha orthos ya Kigiriki, iliyonyooka, na neno la mtoto, kwa sababu alikuwa akieleza namna ya kuzuia na kurekebisha ulemavu wa viungo kwa watoto. Kitabuni mna mchoro wa mti mchanga uliopinda, umefungwa kamba kwenye kigingi kilichonyooka. Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi. Yeye alichora mti. Baadaye taaluma ikapanuka hadi kwa watu wazima, jina likabaki la watoto.

Swali: Kama mguu ni ped-, mbona Waingereza wenyewe wanasema foot?

Jibu: Foot na ped- ni ndugu wa damu. Mwaka 1822 Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha Mjerumani, alieleza kwamba katika lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza kikiwemo, p ya zamani iligeuka f, na d ikageuka t. Linganisha Kilatini pater na father, piscis na fish, decem na ten. Weka ped- kwenye mashine hiyo: p inageuka f, d inageuka t. Kwa hiyo foot Waingereza walizaliwa nalo, pedal wakaliazima baadaye kwa jamaa wa mbali.

Swali: Centipede ni tandu na millipede ni jongoo. Kweli wana miguu 100 na 1,000?

Jibu: Majina yanasema hivyo. Tandu mzima huwa na jozi za miguu zisizogawanyika kwa mbili, mfano 15 au 21, kwa hiyo 100 kamili, yaani jozi 50, hapati. Jongoo wa kwanza kuvuka 1,000 alitangazwa mwaka 2021 kutoka Australia: miguu 1,306.

Swali: Kamusi moja inasema pedology ni elimu ya udongo, nyingine inasema ni elimu ya watoto. Nishike ipi?

Jibu: Zote mbili. Ya udongo imetoka kwenye Kigiriki pedon, ardhi, na ya watoto ni ile ile paid-. Rudi hatua ya 2: kwa maandishi ya Uingereza ya watoto ni paedology.

Swali: Kuna neno la ukoo wa mguu lisilo na p-e-d kabisa?

Jibu: Mengi. Impeach, kumshitaki kiongozi ili aondolewe, limetokana na pedica ya Kilatini, pingu ya mguuni. Limepita kwenye Kifaransa likapoteza d njiani. Pioneer, yaani mtangulizi, na pawn ya sataranji yote yalikuwa askari wa miguu. Octopus, pweza, lina pous ya Kigiriki, na maana yake ni mwenye miguu minane. Na pajama unayolalia ni Kiajemi kilichopitia India: pay ni mguu, jama ni vazi.