Jinsi ya Kutandaza Mabomba ya Vinyunyizio Karibu na Njia Zilizofukiwa Ardhini

Kabla ya kuchimba, zitaarifu huduma za umeme, maji, gesi na mawasiliano ili zije kuweka alama juu ya ardhi mahali njia zao zinapopita, na usianze kazi mpaka zote ziwe zimejibu. Hata hivyo, alama hizo kwa kawaida huishia kwenye mita. Kebo ya taa za bustani, bomba la kwenda banda la uani au vinyunyizio vya zamani ni juu ya mwenye nyumba kuvitafuta.

Kifaa cha kutafuta kebo hufuata mawimbi ya sumaku-umeme kwenye waya au bomba la chuma, kwa hiyo bomba tupu la plastiki hakilioni. Kama upo mfumo wa zamani, zima umeme wa kidhibiti chake (kisanduku kinachofungua na kufunga valvu kwa saa zilizopangwa), chomoa nyaya za valvu, unganisha kitumaji mawimbi cha kifaa hicho kwenye mojawapo, kisha fuata mlio wa kipokezi chake juu ya nyasi hadi kwenye kisanduku cha valvu. Ukirudisha nyaya na umeme na kufungua maji, vichwa vya vinyunyizio vitakavyoinuka vitakuonyesha mabomba yanakoelekea, ingawa si lazima yawe yamenyooka kutoka kichwa hadi kichwa.

Mabomba ya vinyunyizio mara nyingi hulazwa kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30, lakini usidhani kwamba njia nyingine zote ziko chini zaidi, kwa sababu udongo huenda ulishachotwa tangu zifukiwe. Ndani ya sentimita 60 kila upande wa alama, weka mashine kando na uchimbe taratibu kwa koleo, bila kupiga sururu, hadi uione njia yenyewe kwa macho. Ivuke kwa pembe mraba, usiandamane nayo. Ukikwaruza ganda la bomba la gesi, hata kidogo, usilifukie: toa taarifa, kwani kutu huanzia hapo. Ukisikia harufu ya gesi, ondokeni wote, msiwashe wala kuzima chochote, na mpige simu mkiwa mbali.

Fungua maji na ukague viungo vyote mtaro ukiwa bado wazi. Kisha laza waya wa shaba wenye ganda sambamba na bomba, ili kifaa kiweze kulipata siku nyingine, na upime kila valvu na kila kona kutoka pembe mbili za nyumba. Vipimo hivyo viandike kwenye mchoro na uubandike ndani ya mlango wa kidhibiti.