Tangi la samaki lenye mimea, bila pampu wala kichujio

Katika nyumba za kale za Lamu, samaki wadogo walifugwa kwenye birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini mliwekwa bakuli la kaure, maji yakipungua wajistiri humo. Tangi ninalolieleza hapa lahitaji kitu kimoja zaidi: mimea, tena mingi, kwa kuwa ndiyo itakayofyonza uchafu wa samaki.

1. Maji. Kisiwani hapa ndipo penye kazi. Visima vingi vina magadi au chumvi, na mimea mingi ya maji matamu hudhoofika humo. Yaonje kwanza. Mimi huchanganya maji ya mvua na ya kisima kitamu cha upande wa Shela, ambako vilima vya mchanga huhifadhi maji matamu chini yake. Mvua peke yake haina madini ya kutosha. Maji yenye klorini yaache siku nzima kwenye ndoo wazi.

2. Mchanga. Usichote ufukweni. Kamulia ndimu mchanga unaotaka kuutumia: ukitoa povu, una chokaa ya makombe na matumbawe, itakayofanya maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi. Tafuta wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi.

3. Udongo. Chekecha udongo wa shamba usiotiwa mbolea wala samadi mbichi. Tandaza sentimita 2 au 3, ufunike kwa mchanga kiasi hichohicho. Usizidishe! Udongo mnene hukosa hewa, ukaoza na kutoa gesi inayonuka kama yai viza.

4. Kupanda. Tia maji kidogo, panda, kisha weka sahani na umimine juu yake polepole ili udongo usitibuke. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hukita mizizi. Seratofilamu haina mizizi, iache ielee. Mchanga karibu wote ufunikwe tangu siku ya kwanza. Ukipanda vishina vitatu ukangoja vienee, ukoga wa kijani utawahi kabla yao.

5. Mahali. Jua la asubuhi latosha, la mchana hupika maji. Meza iwe imara na sawasawa: tangi la lita 60 ni kilo 60 za maji matupu.

6. Samaki. Subiri wiki tatu hivi, ukibadilisha nusu ya maji kila wiki, kwani udongo mpya hutoa amonia, sumu kwa samaki. Kisha tia gapi watano, samaki wadogo wa maji matamu. Usiongeze haraka: maji ya joto letu hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea nayo huivuta. Watazame alfajiri. Wakihema juujuu, punguza samaki na chakula, badilisha maji.

Baada ya hapo ni kupunguza mimea tu. Usiitupe kisimani, mtoni wala kwenye jabia, hata tawi moja. Humea upesi ikaziba maji. Ianike ikauke, uitie kwenye chungu cha maua.