Kuuza pikapu ya zamani iliyotunzwa
Ukitaka kuuza Hilux ya zamani uliyoitunza vizuri hapa Uganda, usiipake rangi mpya kwenye chesisi (fremu ya chuma iliyo chini ya gari), kwa maana mnunuzi mzoefu akiiona atashuku kuwa kuna kutu iliyofichwa; ioshe tu, umwache aikague na kuigongagonga mwenyewe. Aikute injini ikiwa baridi, ili ashuhudie moshi wa mwasho wa kwanza. Majaribio ya kuendesha kwa nguvu ya magurudumu yote manne yafanyike kwenye barabara ya udongo, kamwe si kwenye lami kavu, kwa sababu katika pikapu nyingi za zamani nguvu hiyo ikiwashwa mhimili wa mbele na wa nyuma hufungwa pamoja, na kukata kona kali juu ya lami huumiza gia. Malipo yakikamilika, hamisheni umiliki bila kuchelewa.