Namna ya kufasiri majina madogo ya Kiebrania katika Biblia bila kujidanganya

Anza na Kiebrania, usianze na jina lilivyoandikwa katika Biblia ya Kiswahili. Kiswahili hakina herufi za kutenganisha alefu na ayin, konsonanti mbili za Kiebrania, na hizo mbili zikipotea, mizizi miwili tofauti (yaani konsonanti za msingi ambazo maneno hujengwa juu yake) huonekana kama mmoja. Tumia namba za Strong, ambazo hulipa kila neno la asili la Biblia namba yake, nazo zinapatikana bure kwenye programu nyingi za Biblia. Nabali, mume wa Abigaili, ni H5037. Neno la kawaida "mpumbavu" ni H5036. Andika konsonanti za jina kando, kisha ndipo utafute mzizi.

Hatua ya pili ni kuangalia kama jina lina Mungu ndani yake. Hukaa mwanzoni au mwishoni: El- au -eli, Yeho- au Yo-, na -ia au -ya. Likiwa na sehemu hiyo, kinachobaki mara nyingi ni kitenzi au nomino moja. Mzizi *natan*, "kutoa", umezaa Elnathani, Nethaneli, Yonathani na Nethania. Majina manne, habari moja: Mungu ametoa. Hivyo usihubiri tofauti kati ya Yonathani na Nethania, haipo. Nathani ni umbo fupi lisilotaja aliyetoa, na Hanani ni ufupisho wa namna hiyo hiyo wa Hanania.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengi hawana. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, na Kiswahili kimekopa sana Kiarabu. Baruku, mwandishi wa Yeremia, yuko karibu na baraka. Zikri na Zekaria wako karibu na dhikiri, yaani kukumbuka. Abdieli na Abdalla wana mwanzo mmoja, mtumishi. Lakini undugu si usawa. *Lehem* ya Bethlehemu ni mkate kwa Kiebrania, na *lahm* kwa Kiarabu ni nyama. Tumia undugu huu kubahatisha, kisha uhakikishe.

Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka: je, andiko lenyewe linaeleza jina? Likieleza, fuata maelezo hayo, lakini ujue ni ya aina gani. Katika 1 Nyakati 4:9, mama yake Yabesi anasema alimzaa kwa huzuni. Huzuni hapo ni *otsev*: ayin, tsade, bet. Yabesi ni yod, ayin, bet, tsade. Herufi mbili za mwisho zimebadilishana nafasi. Kwa hiyo "Yabesi maana yake huzuni" si tafsiri ya kamusi, ni mchezo wa sauti, nao una uzito: mstari unaofuata mtoto huyo anaomba asipatwe na huzuni, na mzizi ni ule ule wa *otsev*. Ukitumia kamusi peke yake hutaona uhusiano huo.

Andiko lisipoeleza, punguza mwendo. Chukua 2 Wafalme 22. Yosia, mwaka wa 18 wa utawala wake, anatuma watu watano kwa nabii mke. Shafani ni pimbi. Akbori ni panya. Wanakwenda kwa Hulda, jina la mnyama mdogo, kicheche au fuko (wataalamu hawajakubaliana). Inavutia kutunga somo la wanyama wanaojificha mashimoni wakati hasira ya Mungu inakuja. Usifanye hivyo. Majina ya wanyama yalikuwa ya kawaida Israeli: Debora ni nyuki, Yona ni njiwa, Tola ni funza. Hakuna neno katika sura hiyo linaloyagusa. Akbori mwenyewe alikuwa na mwana aliyeitwa Elnathani, kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na panya na "Mungu ametoa", bila mtu kushangaa.

Linganisha pia kitabu na kitabu. Meribaali wa 1 Nyakati 8:34 ndiye Mefiboshethi wa 2 Samweli. *Boshethi* ni aibu, na wengi wanaona limewekwa mahali pa Baali. Ukifasiri Mefiboshethi kana kwamba Yonathani alimwita mwanawe hivyo tangu kuzaliwa, unaweza kuwa unafasiri kalamu ya mwandishi, si moyo wa mzazi. Ebed-Meleki, Mkushi wa Yeremia 38, ana tatizo jingine: "mtumishi wa mfalme" laweza kuwa cheo.

Kuna mahali pamoja ambapo orodha ya majina kweli inasema kitu. Ni 1 Nyakati 25:4, wana wa Hemani mwimbaji. Majina tisa ya mwisho, kuanzia Hanania hadi Mahaziothi, yakisomwa mfululizo kwa Kiebrania na kugawanywa tofauti kidogo, yanafanana na ubeti wa zaburi: unirehemu, Ee Yahu (umbo fupi la jina la Mungu), unirehemu, wewe ndiwe Mungu wangu, nimetukuza, nimeinua. Romamti-Ezeri peke yake ni jina la ajabu kwa mtoto, ila ni nusu mstari mzuri wa wimbo. Jaribu mbinu hiyo hiyo kwa ukoo wa Adamu katika Mwanzo 5 na utalazimika kupinda mizizi mitatu au minne ili sentensi ikamilike. Ukijikuta unapinda, acha.