Kupanda bitiruti ya sukari chotara Malindi

Kwanza jua mavuno utayapeleka wapi. Viwanda vya sukari nchini vimejengwa kusaga miwa, kwa hiyo bitiruti ya Malindi ni ya kupikia shira na kulishia mifugo. Nunua mbegu chotara zilizozalishwa kwa nchi za joto, si zile za Ulaya.

Panda wiki ya mwisho ya Mei, masika yakipungua. Mzizi utajaa katika miezi ya baridi ya kusi, nawe uvune katikati ya Oktoba kabla ya vuli. Ukipanda Desemba, joto la kaskazi likikutana na unyevu huleta ukungu unaoozesha mizizi ikiwa ingali shambani: utaona nyuzi nyeupe na vipunje vya kahawia mithili ya haradali.

Udongo wa kando ya mto Sabaki ndio bora, mradi pasiwe mahali panapofurika. Penye mwamba wa matumbawe karibu usijisumbue, mzizi utapinda. Lima kina cha sentimita 35, uinue matuta. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbichi huufanya mzizi uote vidole.

Kwa mita 100 za mraba, weka mbolea ya kupandia, DAP, kilo 2 wakati wa kupanda. Mistari iachane sentimita 50, mashimo sentimita 20, kina sentimita 2 hadi 3. Miche ikiwa na majani manne, bakiza mmoja kila shimo. Mbolea ya kukuzia, CAN, kilo 2 igawe mara mbili, wiki ya 4 na ya 8, kisha basi. Wengi huharibu hapa: mbolea ikizidi, majani hupendeza na sukari hupungua.

Zao hili asili yake ni mmea wa ufukweni, kwa hiyo likishashika huvumilia maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Mbegu inayoota haivumilii. Wiki tatu za mwanzo mwagilia maji matamu.

Moyo wa mmea ukiwa mweusi na kuoza, madini ya boroni yamepungua udongoni, jambo la kawaida kwenye mchanga wenye chokaa. Kinga yake ni boraksi, chumvi yenye boroni, gramu 100 kwa mita hizo 100 za mraba, iyeyushwe katika lita 20 za maji na kunyunyizwa udongoni kabla ya kupanda. Usizidishe, huunguza. Madoa ya mviringo yenye kingo nyekundu yakianza majanini, chuma yaliyoathirika uyachome, na umwagilie chini, si juu ya majani.

Acha kumwagilia wiki mbili kabla ya kung'oa. Kata kichwa chini kidogo ya majani, upike ndani ya siku mbili, kwani kwenye joto mzizi hula sukari yake wenyewe. Kwa shira, kata vipande vyembamba, loweka saa moja katika maji ya moto yasiyochemka, chuja, kisha chemsha maji hayo mpaka yawe mazito.

Majani yanyaushe siku nzima kabla ya kumpa ng'ombe. Mizizi mpe kidogo kidogo, imekatwakatwa. Akizoeshwa ghafla tumbo humchafuka. Usingoje mbegu shambani: bila baridi kali haitoi maua, na hata ingetoa, kizazi cha chotara hakifanani na mzazi.